Tumbili, juisi na simu ya saa saba usiku

Maswali ya wasomaji yamelundikana, mengi kutoka kwa wazazi wa Buyenzi na Bwiza, mitaa ya Bujumbura: kijana haachi simu, darasani anasinzia, ukimsemesha ananuna. Mama mmoja ameambiwa na "mtaalamu" kwamba mwanawe kaingiwa na jini kupitia TikTok, na kulitoa kuna bei yake.

Mama, weka pesa zako. Simu haina jini. Wala mionzi yake haikaushi ubongo, maana ni mawimbi ya redio tu.

Kinachomshika kijana kilionekana kwa tumbili. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alipima seli zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na kutazamia tuzo, huku tumbili wakipewa juisi. Juisi ya ghafla iliziamsha seli. Tumbili walipozoea kwamba ishara fulani hutangulia juisi, seli zikawa zinaamkia ishara, juisi yenyewe zikaipuuza. Mwaka 2003, yeye na wenzake wakaeleza jambo ambalo bado linanistaajabisha: juisi ilipokuwa ya bahati nasibu, nusu ije nusu isije, seli zilizidi kuchemka muda wote wa kungoja. Ilipokuwa ya hakika, zilitulia. Sasa tazama kidole cha kijana kwenye skrini: video ya kuchosha, nyingine ya kuchosha, ya tatu anacheka mpaka machozi. Ya nne itakuwaje? Hajui, ndiyo maana haachi.

Je, simu inaharibu vijana wote? Uchunguzi wa mwaka 2019 wa watafiti Amy Orben na Andrew Przybylski, uliotumia takwimu za vijana zaidi ya 350,000, ulikuta matumizi ya teknolojia yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Kula viazi kulihusiana na ustawi kwa kiasi kinachokaribia hicho! Lakini huo ni wastani, na wastani haumwoni anayekesha.

Mpwa wangu nilimkuta saa saba usiku ndani ya chandarua, uso ukimeremeta rangi ya buluu. Umeme ulikuwa umerudi, simu ikachomekwa hapohapo kitandani. Mwanga huo huchelewesha melatonini, homoni ya usingizi, kweli, lakini wizi mkubwa ni saa anazokesha akingoja video inayofuata. Na miwani ya kuzuia buluu mnayouziwa? Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, shirika linalopima ushahidi wa tiba, hayakupata ushahidi wa maana kwamba inapunguza uchovu wa macho. Mmenunua vioo.

Ushauri ni mfupi. Simu zote, ya baba pia, zichajiwe sebuleni. Arifa zizimwe. Kijana akinyong'onyea wiki mbili, akijitenga au akitaja kufa, msingoje: mpelekeni kwa daktari, au kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge. Huko hawatauliza jini linaitwaje. Watauliza mtoto analala saa ngapi.