Jinsi ya kusaka anwani zisizotumika katika mtandao wa ofisi

MASHINE mbili zinapopewa anwani moja katika mtandao wa ofisi, hakuna inayofanya kazi ipasavyo. Karani huagiza hati ichapishwe, nayo printa isiitikie. Baada ya muda huitikia, kisha ikanyamaza tena, huku kila mtu akidhani kwamba kasoro ni ya waya.

Mara nyingi chanzo cha mkanganyiko huo ni mtu aliyeunganisha mashine mpya na kuipa anwani aliyodhani haina mwenyewe. Ndiyo sababu kazi ya kutafuta anwani zilizo wazi, ijapokuwa huonekana ndogo, yapasa ifanywe kwa utaratibu.

Anwani ya mtandao ni nambari nne zinazotenganishwa kwa nukta, mfano 192.168.1.20. Mfumo huo, uitwao IPv4, una nafasi zipatazo bilioni 4.3 pekee kwa ulimwengu mzima. Mnamo Februari 3, 2011, asasi ya IANA inayosimamia ugavi wake ilitoa mafungu ya mwisho kwa masjala tano za kanda, ikiwemo AFRINIC inayohudumia Afrika.

Ofisi nyingi hukwepa uhaba huo kwa kutumia anwani za ndani, kama vile zinazoanza kwa 192.168, ambazo kila taasisi yaweza kuzitumia bila kuomba kibali. Mtandao mdogo wa kawaida wa aina hiyo una anwani 256. Ya kwanza huwakilisha mtandao wenyewe na ya mwisho hutumiwa kuziita mashine zote kwa pamoja, hivyo zinazosalia ni 254.

Kuzikagua moja baada ya nyingine kwa mkono kunachosha. Hapo ndipo skripti inapofaa, yaani orodha ya maagizo ambayo tarakilishi huyatekeleza mstari kwa mstari. Katika mfumo wa Linux, maagizo hayo husomwa na programu iitwayo sheli.

Chombo kikuu cha msako huu ni ping, programu iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mnamo Desemba 1983 na kupewa jina kutokana na mlio wa mitambo inayotambua vitu chini ya maji kwa kusikiliza mwangwi. Ping hutuma ujumbe mfupi kwa anwani fulani, kisha husubiri jibu.

Skripti yenyewe ni fupi:

for i in $(seq 1 254)
do
  a=192.168.1.$i
  ping -c 1 -W 1 $a > /dev/null && continue
  ip neigh show $a | grep -q lladdr && continue
  echo $a
done

Mstari wa kwanza huhesabu kutoka 1 hadi 254, na wa tatu huunda anwani kamili. Wa nne hutuma ujumbe mmoja na kusubiri sekunde moja; jibu likipatikana, anwani hiyo ina mwenyewe na msako husonga mbele. Mtandao mzima hukaguliwa kwa muda wa dakika nne hivi.

Wengi huishia kwenye mstari huo wa nne, wakadhani kwamba kila anwani isiyojibu ni mali isiyo na mwenyewe. Wahenga walionya kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Tangu 2004, Microsoft ilipowasha programu ya ulinzi katika Windows XP Service Pack 2, tarakilishi nyingi za Windows zimekuwa zikipuuza ping hadi ziruhusiwe kujibu.

Mstari wa tano ndio unaofichua mashine kama hizo. Kabla ujumbe haujamfikia jirani aliye katika mtandao uleule, tarakilishi inayoutuma huuliza kwanza: nani mwenye anwani hii? Swali hilo hupitia itifaki ya ARP, iliyochapishwa 1982. Mashine iliyowashwa hulijibu hata ikiwa imezuiwa kujibu ping, kwani bila jibu hilo haiwezi kupokea kitu.

Majibu ya ARP huhifadhiwa katika orodha ya majirani, na agizo la ip neigh huisoma. Anwani iliyo na alama ya lladdr ina mashine nyuma yake, hivyo haichapishwi. Kwa sababu ARP haivuki ruta, yafaa skripti iendeshwe kutoka tarakilishi iliyo ndani ya mtandao unaokaguliwa.

Hata hivyo, hakuna skripti inayoweza kuiona mashine iliyozimwa. Kipakatalishi cha afisa aliye likizoni na printa inayowashwa mwisho wa mwezi tu vitaonekana kana kwamba havipo. Dawa ni kurudia msako kwa siku kadhaa na saa tofauti, kisha kushika zile anwani ambazo zimekuwa kimya kila mara.

Aidha, ni lazima kuangalia kumbukumbu za huduma ya DHCP, ambayo hugawa anwani yenyewe kila mashine inapojiunga. Huenda anwani iliyo kimya leo imekwisha kuahidiwa mwingine. Mashine inayohitaji anwani ya kudumu, kama vile seva au printa, ipewe iliyo nje ya fungu linalogawiwa na huduma hiyo.

Msako huu ufanywe tu kwa idhini ya mwenye mtandao. Nchini Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 huadhibu wanaoingilia mifumo ya wengine bila ruhusa.

Anwani ikishateuliwa, iandikwe kwenye daftari la ofisi pamoja na jina la mashine na tarehe. Skripti hueleza nani ameitika leo. Daftari hueleza nani mwenye haki ya kuitika kesho.