Kufuli la faili: jinsi ya kulinda hesabu za kikoba zisifutwe kwenye kompyuta

Baada ya kipindi chetu cha akiba na mikopo, msikilizaji mmoja mwenye kibanda cha kutoa kopi alitutumia ujumbe wa sauti. Yeye ndiye mwandishi wa kikoba chao, na hesabu za hisa, mikopo na faini alizitunza kwenye kompyuta mpakato inayotumia Linux. Siku moja mdogo wake alikuwa anafuta picha ili apate nafasi, akafuta na mafaili ya kikoba. Wanachama walilazimika kukaa chini na vijitabu vyao kujumlisha upya, na si wote waliokubaliana. Swali lake lilikuwa hili: "Nililiweka faili liwe la kusoma tu. Mbona limefutika?"

Ruhusa ya kusoma tu, ile inayowekwa kwa amri ya chmod, inazuia mtu kuandika ndani ya faili. Haizuii kulifuta. Katika mifumo ya ukoo wa Unix, kufuta faili ni kuliondoa jina lake kwenye folda, na folda ina ruhusa zake yenyewe. Ni sawa na daftari lililofungwa kwa kamba: huwezi kuandika ndani, lakini mwenye ufunguo wa kabati anaweza kulitoa na kulitupa jalalani.

Kinachotakiwa hapo ni alama ya faili. Fungua dirisha la amri, ingia kwenye folda husika, kisha andika:

sudo chattr +i hesabu.ods

Utaombwa nywila, na usishtuke ukiona herufi hazitokei unapoandika. Kuanzia hapo faili halifutwi, haliandikwi wala halibadilishwi jina. Hata msimamizi mkuu wa kompyuta, yule anayeitwa root, atajibiwa kuwa kitendo hicho hakiruhusiwi, mpaka kwanza aiondoe alama kwa sudo chattr -i hesabu.ods. Ukitaka kuona kama alama ipo, andika lsattr hesabu.ods. Kwa hiyo mwizi mwenye nywila yako hazuiliki. Anayezuilika ni mtu mwenye haraka, na kwa uzoefu wetu huyo ndiye anayefuta mengi zaidi.

Ipo pia alama ya +a. Hii inaruhusu kuongeza maandishi mwishoni tu, bila kugusa yaliyotangulia, kama daftari la wageni linaloandikwa kwa kalamu ya wino. Inafaa kwa faili la maandishi ya kawaida unaloliongezea mstari kwa amri, mfano echo "Hisa 5" >> daftari.txt. Usiiweke kwenye faili la jedwali, kwa sababu programu za jedwali huandika faili lote upya kila unapohifadhi, nazo zitakataliwa. Sisi tungeshauri +i kwa hesabu za mwaka uliokwisha kufungwa.

Wenye kompyuta za Mac hawana chattr. Kwao amri ni chflags uchg na jina la faili, na kufungua ni chflags nouchg. Alama huonekana kwa ls -lO. FreeBSD nayo hutumia chflags, tena ina alama kali zaidi ya schg: mfumo ukiwekwa kwenye kiwango cha juu cha usalama, hata msimamizi mkuu hawezi kuiondoa mpaka kompyuta iwashwe upya.

Na simu? Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, lakini simu ya kawaida haikupi mamlaka ya msimamizi mkuu, hivyo chattr +i itakataa. Memori kadi na flashi nyingi nazo zimepangwa kwa mfumo wa FAT au exFAT, ambao hauzijui alama hizi. Usihangaike nazo huko.

Jambo moja linalowasumbua watu: ukinakili faili lenye alama, nakala inatoka bila kufuli. Na diski ikifa, inakufa pamoja na faili lililofungwa. Msikilizaji wetu sasa amefunga faili la mwaka jana, na nakala yake iko kwenye flashi nyumbani kwa mweka hazina.