Mila za Watu wa Injini

Nyumbani Gendabi, chini ya Mlima Hanang, inajulikana kwamba natengeneza kompyuta. Nikirudi likizo naletewa simu za vioo vilivyopasuka, na mama mdogo hunitazama kwa huruma nikisema siwezi. Hao siwalaumu. Wanaoniudhi ni wenzangu wa Dar es Salaam, watengenezaji wa programu za simu, wanaodhani sisi tulio huku chini kwenye hifadhidata ni watia viraka tu: kitu kimevuja, tumeziba, basi. Hawajui kwamba tuna mila zetu, na kwamba nyingine zimeanza kufa.

Nasema juu ya jamii iliyokulia katika MySQL, programu ya hifadhidata iliyoanzishwa mwaka 1995 na Michael Widenius, tunayemwita Monty, pamoja na David Axmark na Allan Larsson. Nduguye ni MariaDB, aliyezaliwa 2009, kampuni ya Oracle ilipokuwa inaelekea kuimeza kampuni ya Sun, ambayo nayo ilikuwa imeinunua MySQL mwaka mmoja tu kabla kwa takriban dola bilioni moja. Hata majina ni ya ukoo: My ni binti wa Monty, Maria ni mdogo wake. Pomboo wa kwenye nembo anaitwa Sakila, jina lililopendekezwa na Ambrose Twebaze, mtaalamu wa programu huria kutoka Swaziland, ambayo leo ni Eswatini. Sakila vilevile ni mahali Arusha, mkoa tulikomegwa sisi wa Manyara mwaka 2002. Jambo hilo ndilo pekee katika kazi yangu linalowafurahisha wajomba.

Mikutano, fulana na ile vodka nyeusi ya Monty inayozungushwa mezani, wageni huyaona hayo kwanza. Tuyaache.

Mila ninayoipenda ni ya kuidai hitilafu ijitokeze. Kwetu hairekebishwi kasoro ambayo haijaonekana kwa macho. Anayelalamika anatakiwa kuleta njia yake: unda jedwali hili, ingiza mistari hii, zima seva, iwashe, tazama. Akishindwa, shauri lake linafungwa kwa maneno makavu kwamba halikuweza kurudiwa. Wengi huondoka wamenuna, wakisema tuna kiburi. Lakini hitilafu usiyoweza kuiita ikaja, utajuaje kwamba umeiondoa? Ikishakuja, hatukimbilii kurekebisha. Kwanza inaandikwa faili ya jaribio, yenye maagizo machache, na ya pili yenye majibu yanayotakiwa. Jaribio hilo lazima lifeli leo. Ndipo unapogusa msimbo, na likishafaulu linabaki humo humo, ili hata atakayeirekebisha injini, yaani sehemu ya hifadhidata inayoandika na kusoma data, miaka kumi baadaye akiirudisha kasoro ile, limkamate.

Kuna shauri moja ninalopenda kulisimulia, namba 199, lililofikishwa mwaka 2003. Injini ya InnoDB, kazi ya Heikki Tuuri wa Helsinki, ilikuwa inaikumbuka namba ya mwisho iliyotolewa katika jedwali kwa kichwa tu, yaani kwenye kumbukumbu ya muda. Seva ikizimwa inasahau, na ikiwashwa inatazama namba kubwa iliyobaki na kuongeza moja. Nilimweleza mama mdogo kwa mfano wa zahanati. Mgonjwa wa mwisho ni namba 340, faili lake limehamishiwa ghala la kumbukumbu na kufutwa kwenye jedwali la kila siku. Umeme ukakatika. Ukirudi, mgonjwa mpya anapewa 340.

“Kwa hiyo, mwanangu, huyu atasomewa ugonjwa wa yule?”

“Ndiyo, mama.”

“Na mlikaa nalo muda gani?”

Hapo ndipo aibu ilipo. Dawa ilipatikana katika MySQL 8.0, iliyotoka rasmi 2018: sasa kila hesabu inapobadilika inaandikwa kwenye daftari la diskini. Wanaoishi kwenye umeme usiokatika waliweza kuliita jambo dogo kwa miaka yote hiyo. Huku kwetu, kuzimika kwa seva si tukio la kusimuliwa.

Kwa sababu hiyo hiyo sina simanzi na MyISAM, injini ya zamani, ingawa wazee wa jamii bado wanaisifia wepesi wake. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faharasa yake inavurugika na jedwali linawekwa alama ya kuharibika mpaka likakarabatiwe. InnoDB huandika kwanza kwenye daftari la mabadiliko, kisha ukurasa wa kilobaiti 16 huuandika mara mbili, pembeni halafu mahali pake, kwa kuwa diski inaweza kuukata vipande. Toka 2010 ndiyo injini ya kawaida. Tangu toleo 5.1 la mwaka 2008 injini zenyewe huchomekwa kama programu-jalizi, hata ipo moja, Blackhole, inayopokea data zote na kuzitupa. Ina matumizi yake, msicheke.

Ninacholilia ni majaribio. Mwaka 2012 matoleo ya MySQL yakaanza kutoka na marekebisho bila majaribio ya hitilafu mpya, na waliokuwa MariaDB wakapiga kelele hadharani. Watetezi wanasema jaribio la tundu la usalama ni ramani ya mwizi. Kwa matundu ya usalama nakubali. Lakini jumla iliyokosewa ina mwizi gani? Majaribio hayo yalikuwa urithi wa kila mtu: kijana asiyemjua yeyote Helsinki aliweza kulifungua faili la jaribio, akaona kasoro ilivyokuwa, akajifunza injini yote kwa kufuata nyayo hizo. Mimi nilifundishwa hivyo, sikufundishwa darasani. Leo anayeendesha seva ya shule pale Katesh anasoma mstari mmoja kwamba tatizo la hesabu limerekebishwa. Ndilo lile lililomsumbua mwezi uliopita? Hana pa kulijaribu, anatakiwa kuamini tu, na wanaomtaka aamini ni wale wale ambao wangelifunga shauri lake kwa kukosa ushahidi.