Picha Hizi za Kale Zichezwe Upya, Tena Kwale

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Sonara naye atakwambia kuwa dhahabu haioni haya kuyeyushwa: mkufu wa nyanya huingia motoni ukatoka bangili ya mjukuu. Ndivyo nionavyo mambo ya senema. Ziko picha za zamani ambazo leo zimelala, na vijana wetu hawazijui hata kwa majina. Baadhi yake zastahili kurudishwa motoni.

Nasema baadhi, kwa kuwa si kila picha ya zamani ifaayo kurudiwa. Iliyotimia na iachwe ilivyo. Ifaayo ni ile iliyouliza swali jema ikalijibu nusu, au ikalijibu kwa macho ya mgeni.

Wahindi, ambao picha zao zimetulea sisi watu wa Pwani, walilijua hili zamani. Mehboob Khan alitengeneza picha iitwayo Aurat mwaka 1940. Miaka 17 baadaye alikirudia kisa kile kile, kwa rangi na kwa gharama kubwa zaidi, akaiita Mother India. Ni nani wa rika langu, kutoka Likoni mpaka Vanga, asiyemjua Nargis na plau lake begani? Na ni wangapi waijuao Aurat? Devdas nayo ilichezwa 1935, ikachezwa 1955, ikachezwa tena 2002, na kila kizazi kikapata machozi yake.

Wala tusiseme hayo ni ya Wahindi peke yao. Subira, picha fupi ya mwaka 2007 juu ya msichana wa Lamu, ilirudiwa na mtengenezaji wake yule yule, Ravneet Chadha, ikawa picha ndefu mwaka 2018. Kenya ikaichagua kuiwakilisha katika mashindano ya Oscar. Kumbe yawezekana, tena hapa hapa Pwani.

Basi mimi nina picha tatu mkononi, na zote naziona zikichezwa Kwale.

Ya kwanza ni Muhogo Mchungu. Ilitengenezwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, na maneno yake ni Kiswahili. Steringi alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, yule yule ambaye Januari 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Ni kisa cha mtu wa shamba aingiaye mjini, na mji ukamchezea. Watu wakacheka.

Leo kisa hiki kikichezwa Diani, steringi hana haja ya kupanda basi. Mji umemfuata nyumbani. Tangu hoteli zilipojipanga ufuoni, ni wangapi waliouza shamba la minazi kwa bei ya pikipiki, kisha mtoto wao akaajiriwa kufungua lango la jumba lililojengwa pale pale? Picha ya kale ilimcheka mshamba. Mpya iwaulize waliokuwa upande wa pili wa meza siku ile dole gumba lilipotiwa wino.

Ya pili ni ya Waingereza, West of Zanzibar, ya mwaka 1954, kazi ya Harry Watt. Kabila moja lahama nchi yake iliyochakaa, lashuka pwani, na vijana wake wanaswa na wafanya magendo ya pembe za ndovu. Mzungu mlinzi wa wanyama, aliyechezwa na Anthony Steel, ndiye awaokoaye. Swali lake ni zuri: mtu atakaaje na ndovu bila kumuua wala kuuawa? Jibu ndilo bovu, kwa kuwa mwenyeji amefanywa mtoto wa kushikwa mkono.

Muulize mkulima wa kando ya Shimba Hills, hifadhi tangu 1968, naye atakupa jibu lisilokuwamo katika picha ile. Atakueleza usiku wa kupiga debe ili mahindi yapone. Atakueleza habari za Mwaluganje, ambako katika miaka ya 1990 wenye mashamba walitoa ardhi yao iwe njia na makazi ya ndovu, nao wapate fungu katika pesa za watalii. Katika picha ya 1954 watu ndio waliohamishwa. Shimba, mwaka 2005, ndovu wengi walipakiwa malori wakapelekwa Tsavo Mashariki. Steringi wa picha mpya na awe mama mwenye debe lake, na Mzungu, akiwapo, apite nyuma.

Lakini ile inikaayo moyoni kuliko zote ni ya tatu, Arusi ya Mariamu. Waliiongoza Nangayoma Ng'oge wa Tanzania na Ron Mulvihill wa Marekani, mwaka 1985, na urefu wake ni dakika 36 tu. Mariamu ni mgonjwa. Hospitali haikuona kitu. Kumebaki mlango wa mganga, nao Mariamu auogopa kwa jambo lililompata utotoni. Picha yamfuata hatua kwa hatua, haimcheki yeye wala haimcheki mganga. Jambo hilo lilikuwa adimu siku zile, na hata leo ni adimu.

Kwa nini basi irudiwe? Kwa sababu dakika 36 hazitoshi, na kwa sababu mgonjwa wa kwetu ana milango mitatu. Wa kwanza ni hospitali, na Msambweni ipo, kubwa. Wa pili ni mwalimu wa chuoni, aandikaye aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa kombe lake. Wa tatu ni mganga wa Kidigo na mburuga yake. Watu huipita yote mitatu, wengine katika wiki moja, tena bila kuona aibu. Mimi niliyelelewa kwa kombe nikikohoa, na sindano nikizidiwa, najua kwamba nyumbani hakuna aliyeona vita baina ya hivyo viwili.

Hatari i nyuma ya mlango wa tatu, pale swali ligeukapo. Badala ya kuuliza "ana nini?" watu huuliza "nani amemfanyia?" Hapo ndipo mganga mponyaji na mpiga ramli mchochezi watenganapo, na hapo ndipo jina la mzee mmoja hutajwa. Kwale, na Kilifi vile vile, wazee wameuawa kwa kuambiwa ni watsai, yaani wachawi. Dalili ni mvi na macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni wa miaka sitini. Mara nyingi, ukifukua, wakuta chini ya tuhuma pana ekari za ardhi, na aliyepiga yowe la kwanza ni mrithi.

Picha ya 1985 haikufika huko. Mpya lazima ifike. Mariamu wa Msambweni alale mkekani, swali ligeuke, na macho yote yamwangukie bibi yake. Hapo sasa mtazamaji ashike roho. Mtihani wa Mariamu si kupona tu. Ni kuinuka na homa yake na kusema mbele ya jamaa kwamba bibi hakufanya kitu.

Watakaoichukua kazi hii nina maneno mawili kwao. Maneno ya mchezo yawe Kidigo na Kiswahili, na ngoma iwe sengenya, si kinanda cha kuazima. Tena kaya waiheshimu. Kaya Kinondo ni miongoni mwa misitu iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, na kamera haina ruhusa kuliko mtu. Kwanza wazee, halafu taa.

Na ikiisha, isifungiwe hotelini. Majumba mengi ya senema ya Mombasa yalikwisha kufungwa, lakini tunakumbuka gari la senema lilivyotandika shuka jeupe uwanjani na kijiji kizima kikaketi mchangani. Litandikwe tena Msambweni, Kinango na Lunga Lunga. Taa zikiwashwa watu wasitawanyike. Apewe nafasi ya kwanza kusema mzee mwenye mvi, na vijana wasikilize.