Kwa nini kamio inaomba nafasi kubwa kwa kukata kona

Hapa Kavumu tunaona kamio zikipita kila siku kwenye barabara ya Bukavu. Mbona shoferi anaenda kwanza upande mmoja, kisha anakata kona upande mwingine?

Sababu ni hii. Usukani, ao volani kama mashoferi wanavyosema, unageuza magurudumu ya mbele tu. Yale ya nyuma hayageuki. Yanafuata, lakini yanapita ndani zaidi ya kona. Tena, magurudumu ya mbele yakiwa mbali na ya nyuma, duara la kugeukia linakuwa kubwa. Motokari ndogo inageuka katika duara la meta 10 ao 11 hivi. Kamio ndefu inaomba karibu mara mbili. Ndiyo maana kwenye kona kali za Ngomo, njia ya kwenda Uvira, kamio ndefu inaweza kuchukua karibu upana wote wa njia.

Mwendo nao una kazi yake. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inayohitajika kwa kushika motokari ndani ya kona inakuwa mara nne. Mipira ikishindwa kushika udongo, hata volani ikizungushwa yote, motokari inaendelea mbele tu, mpaka mtaroni.

Basi, sisi wa miguu na wa kinga, tusisimame kamwe ndani ya kona. Kichwa cha kamio kikisha kupita mbali nasi, tusiseme tumepona: gurudumu la nyuma linakuja karibu zaidi, na pale shoferi hatuoni.