Elimu ya Viungo Bukura: Kupangia Kesho Somo Lisilotahiniwa

Aghalabu elimu ya viungo inapotajwa, msikilizaji hufikiria mpira, filimbi na jasho la alasiri. Dhana hiyo ni finyu. Michezo ni tawi moja tu la somo hili, ambalo kimsingi ni ufundishaji unaoutumia mwendo wa mwili ili kumjenga mtu kiafya, kiakili na kijamii. Hata jina lenyewe halijatulia. Kuna wanaosema mazoezi ya viungo, kuna wanaopendelea elimu ya siha, na nchini Tanzania mtaala wa shule za msingi wa mwaka 2005 ulikuwa na somo la Haiba na Michezo. Tofauti hizi si za maneno matupu. Anayesema mazoezi anaahidi kipindi cha kunyosha mikono. Anayesema elimu anaahidi mwalimu, mtaala na njia ya kupima. Makala haya yanafafanua mambo ambayo chuo cha kati hakina budi kuyapima kinapolipangia somo hili miaka ijayo, yakirejelea mazingira ya Bukura katika Kaunti ya Kakamega.

Bukura iko kando ya barabara itokayo Sigalagala kuelekea Butere, na sifa yake kubwa ni kilimo. Chuo cha Kilimo cha Bukura kina sheria yake mahususi ya mwaka 1999, na wengi wa wanaofunzwa huko wanatarajiwa kuwa washauri wa wakulima, yaani maafisa wa ugani. Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapozuka, nalo si dogo. Mwanafunzi wa kilimo hushika jembe, hukata majani ya ng'ombe na kutembea shambani kutwa. Ya nini kumkimbiza tena uwanjani?

Pingamizi hili lina nusu ya ukweli. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inampendekezea mtu mzima dakika 150 hadi 300 za harakati za wastani kwa wiki, na kazi ya mikono huhesabiwa humo. Aliyelima asubuhi, basi, amekwisha kulipa sehemu ya deni lake. Lakini miongozo iyo hiyo inadai pia mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikuu, siku mbili au zaidi kwa wiki. Jembe huutumikisha mgongo na mabega kwa mwendo ule ule, mara nyingi kwa upande ule ule, na halimfundishi mtu namna ya kunyanyua gunia la mahindi la kilo 90 pasipo kukiumiza kiuno. Maarifa hayo yanafundishika: kukunja magoti badala ya mgongo, kuukaribisha mzigo mwilini, kugawana uzito na mwenzio. Afisa wa ugani aliyefunzwa hayo atayafikisha kwa mkulima pamoja na habari za mbegu na mbolea. Kwa chuo cha aina hii, kwa hiyo, elimu ya viungo ina nafasi ndani ya taaluma yenyewe, wala si burudani ya Ijumaa. Mpango wowote usioanzia hapo utabakia kugombania vipande vya ratiba vilivyoachwa na masomo mengine.

Kugombania huko kuna historia. Katika shule za wakoloni na wamishonari, somo hili lilifika likiwa gwaride: kusimama wima, kugeuka, kutii. Baada ya uhuru lilipewa heshima katika nyaraka, ila chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka 1985, mtihani ulikuwa ndio mizani ya kila kitu. Kwa kuwa elimu ya viungo haikuwamo katika mtihani wa darasa la nane, kipindi chake kilimezwa na hisabati na Kiingereza, ingawa kilibaki kimeandikwa ukutani. Wanafunzi wengi wa vyuo wa kizazi hicho waliingia chuoni bila kufundishwa somo hilo kwa dhati hata mwaka mmoja.

Hali hiyo inakaribia kugeuka. Chini ya mtaala wa umilisi, Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu ya shule ya upili ya juu, na kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kundi hilo linatarajiwa kuhitimu mwishoni mwa mwaka 2028. Maana yake ni kwamba kuanzia 2029 vyuo vitaanza kupokea vijana ambao baadhi yao wameisoma michezo kama sayansi. Chuo kitakachowapokea kwa mpira mmoja uliopasuka na mhadhiri wa kujitolea kitakuwa nyuma ya wanafunzi wake. Muda wenyewe ni mfupi: anayesomea shahada ya miaka minne ili afundishe mwanzoni mwa 2029 alipaswa kuwa darasani tangu 2025. Lililobaki ni kumwajiri aliyekwisha hitimu, au kuwapa kozi fupi wakufunzi waliopo. La pili ni nafuu zaidi kwa fedha, na hudumu tu iwapo kazi hiyo itahesabiwa katika mzigo rasmi wa mkufunzi.

Suala la ardhi huzua ubishi katika chuo cha kilimo, maana kila ekari ya uwanja ni ekari isiyopandwa. Uwanja wa kandanda wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 unameza takribani ekari moja na robo tatu, nao huchezewa na watu 22. Uwanja wa voliboli ni mita 18 kwa 9, na huchezewa na watu 12. Eneo la uwanja mmoja wa kandanda lingetosha viwanja 44 vya voliboli, tukiacha nafasi za kando. Kandanda ina mapenzi yake Kakamega, nyumbani kwa Bukhungu na kwa mashabiki wa AFC Leopards, na hakuna mpangaji atakayeifuta. Hata hivyo, hesabu hii inaonyesha kwamba chuo kinachotaka kuwafikia wasichana na wavulana kwa wingi kinapaswa kuanza na viwanja vidogo. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, haihitaji hata mstari wa chokaa. Anayedhani si zoezi na aicheze kwa dakika 20.

Mvua nayo ina kura yake. Kakamega hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi hunyesha alasiri, saa zile zile ambazo desturi imeziweka kando kwa michezo. Ratiba inayofuata desturi hiyo imejihukumu matope. Saa za asubuhi, baada ya ukamuaji, zingefaa zaidi, japo zitahitaji ridhaa ya idara nyingine.

Kuhusu fedha, somo liko karibu. Timu ya Mumias Sugar ilitwaa Kombe la Rais katika miaka ya 1990 kwa nguvu za kiwanda cha sukari. Kiwanda kilidhoofika, kikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na ukarimu wake kwa michezo ukakauka. Mfano wa pili unatoka Tanzania, ambako Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kuiga vyuo vya umma vya Sweden, vilitumiwa kukuza kandanda ya wasichana katika mradi ulioitwa Mpira Fursa, vikishirikiana na shule za msingi jirani. Ujirani huo wa chuo na shule ni mtaji ambao haufilisiki upesi kama mfadhili.

Limebaki suala la lugha, ambalo wapangaji hulipuuza. Mipango ya vyuo huandikwa kwa Kiingereza, ilhali uwanjani amri hutolewa kwa Kiswahili: jipange, nyosha, pumua, badilisha mguu. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, kwa hiyo hakuna kizuizi cha kisheria. Kinachokosekana ni mwongozo wenye istilahi thabiti. Msamiati wa kandanda umekomaa kutokana na watangazaji wa redio wa tangu enzi za Leonard Mambo Mbotela. Mtu husema kona, mkwaju au lango bila kusita. Msamiati wa misuli, wa majeraha na wa namna ya kupima siha haujafika huko. Msuli wa paja la nyuma unaitwaje kwa neno moja ambalo mkufunzi, mwanafunzi na mkulima wote watalielewa? Hiyo ni kazi ya idara za Kiswahili, nayo inaweza kuanza kabla ya Bukura kununua hata wavu mmoja.