Gunia la mahindi laweza kuwa somo la muhula mzima

NAMANGA. Machi 2021 Kenya ilipozuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, wafanyabiashara walipata somo la sayansi mizigo ikiwa barabarani.

Watoto wao wa Gredi ya 4 hadi 6 wanaweza kulipata mapema, darasani, iwapo walimu watapanga mwaka kwa mada: mada moja kila muhula, ikipita katika masomo yote.

Kwa mada ya mahindi, Sayansi itaeleza jinsi unyevu unavyoleta kuvu. Hisabati itabadili shilingi ya Kenya kuwa ya Tanzania na kukokotoa faida ya gunia la kilo 90. Masomo ya Jamii yatalifuata gunia hadi forodhani, na katika Kiswahili wanafunzi wataandika barua ya kuulizia bei.

Kazi ngumu hufanyika kabla ya Januari. Walimu huorodhesha kwanza malengo ya silabasi, ndipo wachague mada. Lisiloingia hufundishwa peke yake, maana mtihani hauulizi mada.

Kikwazo kingine ni mpaka wenyewe. Kenya ina mihula mitatu, na kuanzia Gredi ya 4 hufundisha kwa Kiingereza. Tanzania ina miwili, na shule zake nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Mtoto anayehamishwa katikati ya mwaka kufuata biashara ya mzazi hukatiwa mada njiani.

Mzazi na amwombe mwalimu orodha ya yaliyokwisha kufundishwa. Mzigo hauvuki bila hati. Mtoto naye avuke na yake.